Kuweka na kuhodhi: pombe, chupa na ghala katika historia ya Punia

Pombe ya mchikichi ni kinywaji cha siku moja. Katika msitu wa Punia, kaskazini mwa jimbo la Maniema, mgema hupanda mti na kukata kikonyo chake, au huuangusha mti wenyewe na kuutoboa moyo, kisha huacha kibuyu kikinge. Alfajiri hukuta utomvu mtamu kama maji ya muwa. Jua likipanda, chachu zilizobaki kibuyuni tangu jana zimekwisha kuanza kazi. Adhuhuri povu limejaa. Jioni ni pombe kamili, yenye kilevi cha asilimia 4 au 5 hivi. Kesho yake huanza kuchachuka, na siku ya tatu au ya nne ni siki tupu. Malofu, kama inavyoitwa sehemu nyingi za Kongo, haiwekwi kwa ajili ya mwaka ujao, hata na chifu. Methali isemayo akiba haiozi haikutungwa na mgema.

Kuharibika upesi kwa kinywaji ndiko kulikoongoza desturi za unywaji za Wakumu, Warega na jirani zao katika nchi ya mito ya Lowa na Ulindi. Pombe isiyowekeka haina budi kugawanywa. Mgema aliyepata vibuyu vitatu hakuwa na njia ya kunufaika navyo ila kuwaita wenzake, nao wakamwita zamu yao ilipofika. Deni la kibuyu lilikaa vichwani mwa watu, si ghalani. Pombe ya ndizi, ambayo huko Kivu huitwa kasikisi, ina umri mrefu kidogo. Ndizi huvundikwa siku kadhaa, hukamuliwa kwa majani, na maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yakaachwa yachachuke siku moja hadi tatu. Baada ya hapo ina siku chache za utamu wake, basi. Magome machungu yalisaidia kwa kiasi: Wachaga hutia msesewe katika mbege, na wagema wa misitu ya Afrika ya Kati hutia gome la mti uzaao kola chungu, kazi inayofanana na ile ya hopsi katika bia ya Ulaya. Lakini gome huongeza uchungu na saa kadhaa, haliongezi miezi.

Hii haina maana kwamba watu wa msitu hawakujua kulimbikiza. Warega walikuwa na bwami, chama cha madaraja cha wanaume na wake zao, ambacho mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck alikichunguza kwa kina katika miaka ya 1950. Aliyetaka kupanda daraja alitumia miezi, pengine miaka, akikusanya nyama, mafuta, chumvi, mbuzi na mikufu ya simbi iitwayo musanga, akisaidiwa na ndugu wa baba, wajomba na wakwe. Mgeni angeitazama nyumba iliyojaa hivyo akaona ni ya bahili. Kumbe kila kitu ndani yake kilikuwa na siku yake ya kutoka na watu wake wa kukipokea, na heshima ya mpandaji ilitokana na kutoa mbele ya macho ya watu. Serikali ya kikoloni, ambayo ilikiona chama hicho kuwa upotevu wa mali na pia tishio, ilikipiga marufuku mwaka 1948. Jambo la kuzingatia kwa historia ya pombe ni kwamba mpaka kati ya kuweka na kuhodhi ulikwisha chorwa kabla chupa ya kwanza haijafika: kilichowekwa kilijulikana kitatoka lini na kwa nani.

Watu wa pwani waliofika Maniema katika nusu ya pili ya karne ya 19 nao hawakuleta pombe ya kukaa. Nyangwe, ambako David Livingstone alifika mwaka 1871, na Kasongo, mji wa mfanyabiashara Tippu Tip, ilikuwa miji ya Waislamu. Kilicholundikwa humo ni pembe za ndovu, pamoja na watu waliotekwa. Waungwana, kama walivyoitwa watu hao wa pwani, waliacha nyuma yao mpunga, Kiswahili na Uislamu, na hadi leo Maniema ndilo jimbo la Kongo linalotajwa kwanza panapozungumzwa wingi wa Waislamu. Kwa hiyo hadithi ya pombe hapa ina upande mzima wa watu wasioigusa, ingawa si ajabu kukuta msikiti na kilabu vikitazamana barabara moja.

Kinywaji kilichoweza kukaa kilikuja ndani ya kioo, na sheria ndiyo iliyokifungulia njia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwekea mipaka biashara ya pombe kali za kukenekwa katika eneo pana la Afrika, bonde la Kongo likiwemo, na mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ukaendeleza vizuizi hivyo. Bia haikukenekwa, kwa hiyo haikuguswa. Wenye mitaji waliona mwanya. Mwaka 1923 kiwanda cha bia kilianzishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, na mwaka 1926 kikatoa Primus ya kwanza. Katanga nayo ilipata bia yake ya Simba katika miaka hiyohiyo ya 1920. Kampuni ya Léopoldville, iliyokuja kujulikana kwa jina la Bralima, ilijenga viwanda Bukavu na Stanleyville, yaani Kisangani, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji.

Kabla ya viwanda hivyo vya mashariki, kreti ya Primus iliyofuata njia ya mto ilikuwa na safari ya kuchosha hata kuisimulia. Ilipanda meli Léopoldville ikapanda mto kilomita zaidi ya 1,700 hadi Stanleyville. Hapo ilishushwa na kupakiwa kwenye reli ya kilomita 125, iliyofunguliwa mwaka 1906 ili kuyapita maporomoko, hadi Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu. Ikapanda meli nyingine kilomita 300 na ushei hadi Kindu. Kutoka Kindu, lori na vivuko vya mtoni hadi Punia. Bidhaa za kusini zilipitia reli ya Kongolo hadi Kindu, iliyokamilika mwishoni mwa mwaka 1910. Katika kila kituo kreti ilishikwa na mikono mipya na ikalala juani au kwenye ghala la mabati, na kila siku iliyolala ilipunguza kilichokuwemo ndani.

Kilicholipia safari hiyo ni bati. Mwaka 1932 zilianzishwa kampuni za Symétain, yenye makao Kalima, na Cobelmin, na mawe mazito meusi ya kasiterite, yenye bati ndani, yakaanza kutoka msituni kwa wingi, Punia ikiwa miongoni mwa vituo vya uchimbaji. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, bati la Maniema likawa la thamani ya kivita kwa mataifa yaliyopigana na Ujerumani. Kambi zilijaa wanaume waliolipwa fedha taslimu mwisho wa mwezi. Mtu mwenye mshahara wa mwezi hunywa kwa kalenda isiyokuwa ya mgema: siku ya malipo watu mia kadhaa huwa na kiu kwa saa ileile, na kiu hiyo malofu haiwezi kuikidhi kwa sababu miti haitoi zaidi kwa kuwa mshahara umetoka. Kiu ya namna hiyo humhitaji mtu aliyeweka chupa mapema. Ndivyo lilivyozaliwa depo, ghala la bia la jumla, neno la Kifaransa ambalo Kiswahili cha mashariki ya Kongo kimelichukua na kulifanya lake.

Mwenye depo ndiye mtu wa kwanza Punia aliyeweza kuweka pombe kwa wiki na miezi. Swali ni alichokuwa anakiweka hasa, na jibu linataka kuelewa bia yenyewe.

Primus, kama Skol, Simba na karibu bia zote za viwandani za Afrika, ni lager nyepesi yenye kilevi cha asilimia 5 hivi. Imechujwa hadi ikang'aa, na chachu yake imeondolewa au imeuawa kwa joto, kwa hiyo haina kitu hai ndani kinachoweza kuendelea kuijenga. Tangu siku inapofungwa kizibo huanza kushuka. Oksijeni kidogo iliyonaswa shingoni mwa chupa huila ladha polepole: kwanza hupotea harufu ya hopsi, halafu hubaki utamu mzito kama wa asali iliyopashwa moto, na mwisho ladha ya karatasi iliyoloa. Joto huharakisha yote hayo, na kila nyuzi 10 zinapoongezeka kasi ya kuzeeka huongezeka mara mbili au zaidi. Mwanga una ubaya wake wa pekee, kwani huvunja uchungu wa hopsi na kuacha uvundo unaofananishwa na wa kicheche; chupa ya kahawia hukinga kwa kiasi kikubwa, ya kijani kidogo sana, nyeupe haikingi kabisa. Punia iko karibu na ikweta, wastani wa joto ukiwa nyuzi 25 hivi mwaka mzima, na chini ya bati la depo mchana joto hupita hapo kwa mbali. Chupa iliyokaa huko miezi sita imezeeka kama iliyokaa miaka katika chumba baridi cha Ulaya, bila kupata faida yoyote ya uzee.

Wabelgiji waliokuwa wakiuza lager hii Kongo walikuwa na bia nyingine kabisa kwao. Katika bonde la mto Zenne, karibu na Brussels, hutengenezwa lambiki, bia inayochachushwa na vijidudu vya hewani bila hamira ya kutiwa, jambo ambalo mgema wa Punia angelielewa mara moja. Hukaa kwenye mapipa ya mbao, na ya mwaka mmoja, miwili na mitatu huchanganywa na kufungwa chupani, ikaendelea kukomaa humo kwa miaka. Katika monasteri za Watrapisti hutengenezwa bia nzito ambazo chachu yake huachwa hai ndani ya chupa. Bia za aina hii ndizo zinazowekwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani katika vyumba vya chini ya nyumba, gizani, chupa zikiwa wima, kwa joto la nyuzi 10 hadi 13. Kilevi kikubwa, kimea kingi, rangi nyeusi au uchachu, na chachu hai: bia yenye sifa hizo inaweza kubadilika ikawa na ladha za zabibu kavu, ngozi na mvinyo mtamu. Uingereza nayo ilikuwa na mfano wake. Thomas Hardy's Ale, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 huko Dorchester, ilinadiwa kuwa inaweza kukaa miaka 25.

Hata hivyo ni huko Ubelgiji, palipokuwa na bia inayostahili kuwekwa, ndipo palipozuka kimoja cha visa maarufu vya kuhodhi. Watawa wa Westvleteren wana bia yenye kilevi cha asilimia 10 na ushei waliyoanza kuitoa mwaka 1940, nao hutengeneza kiasi cha kuitosha nyumba yao tu. Mwaka 2005 bia hiyo ilipotajwa duniani kuwa bora kuliko zote, magari yalipanga foleni ndefu barabarani na kreti zikaanza kuonekana madukani nchi za mbali kwa bei ya mara nyingi zaidi. Watawa hawakuongeza uzalishaji. Waliweka utaratibu wa kuagiza kwa simu, wakaandika namba ya gari la mnunuzi, wakampimia kiasi na kumtaka asiiuze tena. Mwaka 2019 wakahamishia maagizo kwenye intaneti. Kinachovutia ni kwamba hawakumkataza mtu kuiweka bia miaka kumi nyumbani kwake. Walichokataza ni kuifanya chambo cha bei.

Kwa kipimo hicho mwenye depo wa Punia yuko mahali pagumu. Bia yake haipandi daraja kwa kukaa. Kinachoweza kupanda ni bei peke yake. Anayeweka Primus kwa ajili ya siku ya malipo au matanga anafanya kazi ya haki, maana bila yeye kiu ingekutana na rafu tupu. Anayeiweka hadi barabara ikatike hana hoja ya ladha ya kujitetea nayo. Ila lazima isemwe kwamba katika Maniema barabara hukatika yenyewe. Mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, vivuko huzama au hukosa mafuta, na mfanyabiashara asiyeweka akiba ya wiki kadhaa si mwema kuliko mwenzake, ni mzembe.

Chupa yenyewe iliongeza jambo ambalo wachache huliandika. Bia ya viwandani ya Afrika huuzwa, kioo hakiuzwi. Mnunuzi wa jumla hupeleka kreti yenye chupa tupu na kuchukua iliyojaa, na asiye na chupa tupu hulipa dhamana au hurudi mikono mitupu. Wakongo huziita vidanji, kwa neno la Kifaransa cha Ubelgiji. Mbali na kiwanda kama ilivyo Punia, kusafirisha chupa tupu hugharimu karibu sawa na kusafirisha zilizojaa, kwa hiyo chupa ilipata thamani ya mtaji. Aliyetaka kufungua baa alihitaji kwanza urithi au mkopo wa kreti tupu. Kuhodhi bia kuna kikomo, kwa sababu huharibika. Kuhodhi vidanji hakuna kikomo, kwa sababu kioo hakiozi, na mwenye ukuta wa kreti tupu nyuma ya nyumba anaweza kuamua nani auze na nani asiuze. Hapa methali ya akiba ilipata nyumba yake.

Uhuru ulikuja mwaka 1960 na vita vikafuata upesi. Waasi wa Simba waliichukua Kindu Julai 1964, na Novemba mwaka huo msafara wa jeshi la serikali na askari wa kukodiwa ulitoka Kindu kupitia Punia na Lubutu kwenda Stanleyville, ukifuata barabara ileile ya malori ya bia. Lakini pigo kubwa zaidi kwa maghala lilikuja wakati wa amani. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatakabidhiwa kwa wananchi wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Katika miji ya Maniema maduka mengi yalikuwa ya Wagiriki, Wareno na Wahindi. Waliopewa, wengi wao wakiwa watu wa siasa wasiojua biashara, mara nyingi waliuza shehena yote waliyoikuta na hawakuagiza nyingine, kwa kuwa hawakuwa na mkopo wa wauzaji wa nje wala ujuzi wa kuagiza. Hili lilikuwa kinyume cha kuhodhi, na madhara yake yalikuwa yaleyale: rafu tupu na bei ya juu. Mwaka 1976 serikali ilianza kuwarudishia wenyewe mali zao, lakini wengi hawakurudi.

Kisha fedha nayo ikaoza. Siku ya Krismasi ya mwaka 1979 serikali ilitangaza kufuta noti za zaire 5 na zaire 10 na kuweka kikomo kidogo cha kubadilisha. Kijijini, mbali na benki, fedha iliyofungwa kitambaani ikawa karatasi. Kuanzia hapo kuweka akiba kwa vitu kulikuwa na busara kuliko kuweka noti, na katika vitu hivyo kreti ya bia ilikuwa na sifa nzuri ya kuhesabika: chupa ya Primus ni ileile Kinshasa na Bukavu, sentilita 72, na kila mtu anaijua. Mfumuko wa bei wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulifikia hali ya kwamba mwaka 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire milioni 3 za zamani. Katika nchi ya namna hiyo ni vigumu kumhukumu mtu aliyegeuza mshahara wake kuwa kreti siku ileile aliyoupata. Hakuwa mlanguzi, alikuwa akikimbia.

Tanzania ilichagua njia ya kuhukumu. Machi 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiongoza, serikali ilianza msako dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikatungwa mwaka huohuo. Maghala yalipekuliwa, sabuni, sukari na nguo zilizofichwa zikatolewa, na wengine wakatupa bidhaa usiku kwa hofu. Msako huo uliwakamata walanguzi wa kweli na pia watu waliokuwa wameweka gunia la sukari kwa ajili ya harusi, kwa sababu gunia halisemi limewekewa nini. Zaire haikufanya kampeni ya ukubwa huo. Huko askari na maofisa waliomtembelea mwenye ghala walikuwa na haja yao wenyewe.

Punia ya miaka hiyo iliishi kwa Sominki, kampuni iliyozaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha Symétain, Cobelmin na nyingine za Kivu na Maniema. Oktoba 1985 soko la bati la dunia lilianguka London, na kampuni haikupona tena. Katika miaka ya 1990 ilivunjwa na mali zake zikahamia kampuni ya Sakima. Uchimbaji wa mikono, uliokuwa umeruhusiwa kisheria mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulichukua nafasi. Kalenda ya pombe ikabadilika tena. Mchimbaji hana mwisho wa mwezi. Hulipwa pale mnunuzi wa madini anapofika na mzani. Barabara zilipozidi kufa, ndege ndogo zikawa mshipa: zilibeba kasiterite kwenda Goma na Bukavu, na zikirudi zikabeba chumvi, sabuni, nguo na bia. Bia inayopanda ndege hulipiwa kwa kilo, chupa na maji yake, ndiyo maana bei yake katika machimbo hufika mara kadhaa ya ile ya mjini. Hapo depo na machimbo vilishikana mikono: mara nyingi mnunuzi wa madini ndiye pia mleta bidhaa, humkopesha mchimbaji bia na mchele leo na kulipwa mawe kesho, kwa bei anayoipanga yeye pande zote mbili. Kuhodhi kwa namna hii hakuhitaji kuficha chochote. Kreti ziko wazi mbele ya mlango. Kilichofungiwa ni njia nyingine ya kuzipata.

Vita vya mwaka 1998 vilikata hata njia zilizobaki. Kindu ilitekwa na waasi wa RCD mwezi Oktoba mwaka huo, reli ikanyamaza, meli zikasimama, na kwa miaka kadhaa mji ukazungukwa na wanamgambo wa Mai-Mai. Baiskeli ndizo zilizookoa watu. Wanaume walisukuma mizigo ya kilo mia na zaidi kwa siku nyingi katika njia za msituni, mawese na mchele yakienda, chumvi na sabuni zikirudi. Bia haikustahimili hesabu hiyo: kreti moja ni nzito, huvunjika, na haiishibishi nyumba. Kilichostahimili ni lotoko.

Lotoko hukenekwa kutoka mahindi na muhogo uliochachushwa, katika pipa lililounganishwa na bomba linalopozwa kwa maji. Ndicho kinywaji pekee cha kienyeji kisichoharibika. Dumu lake linaweza kukaa mwaka bila kubadilika, hubeba kilevi kingi katika uzito mdogo, na halihitaji chupa ya kurudisha. Ni haramu tangu enzi ya Wabelgiji, na hatari yake ni ya kweli, kwa kuwa mkenekaji asiyetupa matone ya mwanzo anaweza kumpa mnywaji sumu. Lakini kwa mwanamke mjane au aliyeachwa na vita, dumu la lotoko chini ya kitanda lilikuwa benki: ada ya shule, dawa, kitenge. Limefichwa, naam, ila lililolifanya lifichwe ni polisi, si bei.

Ukusanyaji wa bia kwa ajili ya kuikomaza umefika Afrika Mashariki hivi karibuni tu, na kwa watu wachache. Nairobi ina 254 Brewing, Kampala ina Banange na Kigali ina Kweza, viwanda vidogo vinavyotengeneza bia nzito, za rangi, na nyingine za ndizi au mtama. Baadhi ya bia hizo zinaweza kuwekwa kwa faida, penye jokofu na umeme wa uhakika. Punia haina vyote viwili kwa kiwango hicho, na mvumbuzi wa bia ya kukomaa katika joto la nyuzi 30 bado hajatokea.

Ghala kubwa lina hatari ambayo kibuyu hakina. Katika uporaji wa Septemba 1991 na wa Januari 1993, askari wasiolipwa na raia waliingia madukani na maghalani katika miji mingi ya Zaire, na vinywaji havikusazwa. Katikati ya Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu, kiwanda cha Bralima cha mji huo kiliporwa, kreti zikabebwa mabegani na vichwani mchana kweupe. Juni mwaka huo Heineken, iliyokuwa ikimiliki Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa majengo yake ya Bukavu na Goma na kuwaondoa wafanyakazi wake. Kiwanda kikiporwa hupotea bia ya wiki chache na vidanji vya miaka mingi, na hasara hiyo ya pili ndiyo inayosafiri mbali, kwa sababu kila depo lililokuwa likipeleka chupa tupu huko linabaki na kreti zisizo na pa kujaziwa. Upande wa Punia, kiwanda cha Kisangani kingali kikifikiwa kwa barabara ya Lubutu. Bia hushuka kwa malori na pikipiki mvua inaporuhusu, na chupa tupu hupanda kwa njia hiyohiyo.